Ramani za Kumbukumbu Zinapoingiliana: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila programu inayoendeshwa kwenye kompyuta ina eneo lake la anwani, na ndani ya eneo hilo kuna vipande vingi: msimbo wa programu yenyewe, maktaba, hipu (kumbukumbu inayoombwa programu ikiendelea), staki za nyuzi (kumbukumbu ya muda ya kila mkondo wa utekelezaji), faili zilizowekwa kwenye kumbukumbu. Kila kipande, ambacho hapa tutakiita ramani au eneo, kiliombwa kwa wakati wake, mara nyingi na msimbo usiojua kuwa vipande vingine vipo. Maswali yafuatayo yanahusu kinachotokea maombi mawili yanapotaka mahali palepale. Majibu mengi yanaanzia Linux kwa kuwa msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, lakini Windows, macOS na FreeBSD zinaingia inapobidi, maana mifumo hii haikubaliani juu ya jambo hili.

## Je, ramani mbili zinaweza kukaa juu ya anwani moja kwa wakati mmoja?

Ndani ya mchakato mmoja, yaani programu moja inayoendeshwa, hapana, na sababu iko kwenye maunzi yenyewe. Prosesa ikitaka kusoma anwani pepe, ile inayotumiwa na programu, hufuata jedwali la kurasa hadi kwenye ingizo moja, na ingizo hilo hutaja fremu moja tu (kipande chenye ukubwa wa ukurasa) ya kumbukumbu halisi. Kwenye x86-64 ukurasa wa kawaida una baiti 4096. Hakuna mahali pa kuandika jibu la pili. Kwa hiyo maombi mawili yakitaka ukurasa uleule, kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, lazima iamue kabla ya kuligusa jedwali, na uamuzi ni mmoja kati ya mitatu: kulikataa ombi jipya, kuifuta ramani ya zamani, au kuipeleka mpya kwingine. Sehemu kubwa ya majibu yaliyobaki ni habari ya nani huchagua lipi.

Kinyume chake kinaruhusiwa kabisa: kurasa pepe nyingi kuelekezwa kwenye fremu moja halisi. Msimbo wa maktaba ya C hukaa mara moja kwenye RAM na kutumiwa na michakato yote inayouhitaji. Ukisikia mtu analalamika kuwa kumbukumbu zimeingiliana, uliza kwanza anazungumzia upande wa anwani pepe au wa anwani halisi. Matatizo ya pande hizo mbili hayafanani, na tiba zake hazifanani.

## Kerneli inatambuaje kwamba ombi jipya linaingiliana na ramani iliyopo?

Haitegemei jedwali la kurasa. Jedwali huwa na kurasa zilizokwisha kuguswa tu, na eneo la gigabaiti 10 lililoombwa sasa hivi linaweza kuwa halina ingizo hata moja. Kerneli hutunza rekodi zake pembeni. Kwenye Linux kila eneo lina muundo uitwao `vm_area_struct`, wenye mwanzo, mwisho, ruhusa, na faili kama ipo. Windows ina vielezi vyake vinavyoitwa VAD (Virtual Address Descriptors). FreeBSD hutumia `vm_map_entry`, muundo uliotokana na mradi wa Mach wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon.

Mwisho wa eneo hauhesabiwi kuwa ndani yake. Eneo la 0x1000 hadi 0x3000 lina kurasa mbili, na eneo jingine linaweza kuanzia 0x3000 bila kugusana nalo. Kipimo cha maeneo mawili, a na b, ni mstari mmoja:

    a.mwanzo < b.mwisho && b.mwanzo < a.mwisho

Ukiweka `<=` badala ya `<`, utaripoti migongano isiyokuwepo kila maeneo mawili yanapopakana. Ukitumia jumla ya anwani na urefu bila kuangalia kama imefurika na kurudi sifuri, utakosa mgongano uliopo, na kosa hilo ni baya zaidi kwa kuwa linaweza kufungua mlango wa udukuzi.

Kuna uzuri hapa ambao ni rahisi kuupita. Kwa kuwa maeneo yaliyopo hayaingiliani kamwe yenyewe kwa yenyewe, yanaweza kupangwa kwa mstari, na utafutaji mmoja unatosha. Kazi ya `find_vma` kwenye Linux hurudisha eneo la kwanza ambalo mwisho wake uko mbele ya anwani uliyotaja. Kama eneo hilo linaanza kabla ombi lako halijaisha, kuna mwingiliano. Kama sivyo, nafasi yote ni tupu, hata ombi likiwa la gigabaiti 100. Sharti la kutoingiliana ndilo linaloifanya kazi ya kulilinda sharti hilo iwe nyepesi.

Muundo unaoshikilia orodha hiyo umebadilika kwa miaka. Linux ilikuwa na mti wa AVL, kisha mti mwekundu-mweusi, na tangu toleo 6.1 la Desemba 2022 inatumia mti wa maple ulioandikwa na Liam Howlett na Matthew Wilcox. Sababu kubwa ya badiliko la mwisho ni kufuli, yaani kinga inayofanya nyuzi zisubiriane. Mti wa zamani haukuweza kusomwa kwa usalama bila kushika kufuli moja la eneo zima la anwani, na programu yenye nyuzi nyingi ilikuwa ikipanga foleni hapo. Mti wa maple unaweza kusomwa bila kufuli hilo, na toleo 6.4 la mwaka 2023 likafuata na kufuli la kila eneo peke yake.

## Nikiita mmap kwa anwani niliyoichagua, bila bendera yoyote maalumu, inaweza kufuta ramani yangu ya zamani?

Hapana. `mmap` ni mwito wa kuiomba kerneli ramani mpya, na bila bendera (chaguo la ziada la mwito) anwani hiyo ni pendekezo tu. Kama mahali hapo pamechukuliwa, Linux hutafuta pengo jingine na kukurudishia anwani ya huko, bila kosa lolote. Kwa hiyo angalia kilichorudi kabla ya kukitumia, na linganisha na `MAP_FAILED`, ambayo thamani yake ni -1 na wala si NULL.

## MAP_FIXED inafanya nini hasa?

Inageuza pendekezo kuwa amri. Ramani itawekwa kwenye anwani uliyotaja, na chochote kilichokuwepo kwenye kurasa hizo kinaondolewa. Hakuna kosa linalorudishwa, hakuna onyo, hakuna mstari kwenye logi za mfumo. Hivi ndivyo POSIX, kiwango cha pamoja cha mifumo ya aina ya Unix, inavyotaka, kwa hiyo si kasoro ya Linux.

Tuseme una ramani ya kurasa kumi, kuanzia ukurasa 0 hadi 9, kisha unaita `mmap` kwa `MAP_FIXED` juu ya kurasa 3 hadi 5. Kerneli hukata eneo la zamani pande mbili. Kurasa 0 hadi 2 hubaki kama eneo moja, 6 hadi 9 kama eneo jingine, na katikati huwekwa lako jipya. Palipokuwa na eneo moja sasa kuna matatu. Vipande vya pembeni vinabaki na data yake na ruhusa zake, na kama ni vya faili, kipande cha kulia hurekebishiwa nafasi yake ndani ya faili ili kiendelee kusoma pale pale.

Data ya kurasa zilizofunikwa inategemea aina yake. Kama ilikuwa kumbukumbu ya faragha isiyo na faili, imepotea, labda kama mchakato mwingine una nakala yake kutokana na `fork`, mwito unaonakili mchakato. Kama ilikuwa faili iliyowekwa kwa `MAP_SHARED`, ulichoandika kiko salama kwenye akiba ya kurasa ya kerneli na kitafika diski, kwa sababu kurasa hizo ni za faili. Kilichoondoka ni njia yako ya kuzifikia tu.

Nyuzi nyingine za mchakato huohuo haziachwi nyuma. Kerneli hufanya kazi hii ikiwa imeshika kufuli la kuandikia la eneo la anwani. Uzi utakaogusa ukurasa katikati ya mabadiliko hupata hitilafu ya ukurasa, husubiri kufuli, kisha hukuta ramani mpya. Hautapewa nusu ya zamani na nusu ya mpya ndani ya ukurasa mmoja.

Hatari ya `MAP_FIXED` ni ukimya wake. Programu iliyofuta hipu ya maktaba nyingine haianguki hapohapo. Huanguka baadaye, kwenye kazi isiyohusika kabisa, na anayechunguza huanza kumtuhumu mwandishi wa msimbo usio na hatia. Ndiyo maana nasisitiza: ukiiona bendera hii kwenye msimbo unaoukagua, dai ushahidi kwamba anayeiita anamiliki kila ukurasa wa masafa yale. Maoni yanayosema "anwani hii huwa tupu" si ushahidi.

## Kama ni hatari hivyo, kwa nini haijaondolewa?

Kwa sababu kuna mahali ambapo kufunika ndiyo kazi inayotakiwa. Mfano bora ni kipakiaji cha maktaba, `ld.so`. Faili ya ELF, muundo wa programu na maktaba kwenye Linux, ina sehemu kadhaa za kupakiwa: ya msimbo yenye ruhusa ya kutekelezwa, ya data yenye ruhusa ya kuandikwa, na kadhalika. Umbali kati ya sehemu hizi hauruhusiwi kubadilika hata baiti moja, kwa kuwa msimbo unaifikia data kwa kuhesabu umbali huo. Kipakiaji kikiomba sehemu ya kwanza na kupewa mahali, hakina uhakika kwamba pembeni yake kuna nafasi ya ile ya pili.

Kwa hiyo huomba kwanza masafa yote kwa ombi moja, na kerneli huchagua mahali. Kisha sehemu zinazofuata huwekwa moja moja kwa `MAP_FIXED` juu ya masafa hayo. Kila mara kuna mwingiliano, na kila mara ni wa makusudi, ndani ya nafasi ambayo kipakiaji kimekwisha kuipata kihalali.

Mtindo huohuo hutumiwa na mifumo ya ukusanyaji taka (kurudisha kumbukumbu isiyotumika tena) wa lugha kama Java: eneo kubwa la anwani hushikwa kwa `PROT_NONE` (bila ruhusa yoyote), ambalo halili RAM, kisha vipande vyake hufunguliwa kidogo kidogo. Kushika kwanza, kufunika baadaye. Hayo ndiyo matumizi salama ya bendera hii.

## MAP_FIXED_NOREPLACE ina tofauti gani?

Inasema: anwani hii au basi. Kama pamechukuliwa, hata kwa ukurasa mmoja, hakuna kinachoguswa na mwito unarudisha kosa `EEXIST`. Iliingia Linux 4.17 mwaka 2018, ikiwa kazi ya Michal Hocko, na wakati wa majadiliano ilipendekezwa kwanza kwa jina la `MAP_FIXED_SAFE`. Kipakiaji cha ELF kilichomo ndani ya kerneli yenyewe kilikuwa miongoni mwa walengwa wa kwanza.

Tahadhari moja. Kerneli iliyo ya kabla ya 4.17 haiijui bendera hii na huipuuza, kwa hiyo anwani yako inageuka kuwa pendekezo la kawaida. Unaweza kupewa ramani halali, ila kwingine. Linganisha anwani iliyorudi na uliyoomba, na kama hazifanani, iondoe ramani kwa `munmap` na uchukulie kuwa mwito umeshindwa.

## Si nisome /proc/self/maps kwanza, nione penye nafasi, kisha nitumie MAP_FIXED?

Tafadhali usifanye hivyo. Faili hiyo huorodhesha ramani za mchakato wako, lakini kati ya kusoma kwako na mwito wako, uzi mwingine unaweza kuingia. Si lazima uzi huo uite `mmap` waziwazi. Kuanzisha uzi mpya huomba staki, `dlopen` huweka maktaba, `malloc` kubwa huomba eneo, na hata kazi ndogo ya maktaba ya C inaweza kupakia moduli kwa siri. Pengo uliloliona linakuwa limejaa, na wewe unalifuta.

Kuamini kwamba anwani fulani "huwa tupu siku zote" nako hakufai. Mifumo ya leo huchanganya mahali pa kuweka maktaba, staki na hipu kila programu inapoanzishwa, kwa ajili ya usalama. Programu inaweza kufanya kazi mara elfu na kushindwa mara moja, na hiyo mara moja huenda isijirudie mbele yako.

## Windows, macOS na FreeBSD zinajibu vipi?

Windows ilichagua kukataa tangu mwanzo. Ukiita `VirtualAlloc` ili kushika masafa yaliyokwisha kushikwa, au `MapViewOfFileEx` kwa anwani yenye kitu, unapata kosa namba 487, `ERROR_INVALID_ADDRESS`. Ndani ya kerneli kosa hilo huitwa `STATUS_CONFLICTING_ADDRESSES`, jina linalosema ukweli zaidi. Pia masafa hushikwa kwa mafungu ya kilobaiti 64 ingawa ukurasa ni kilobaiti 4, kwa hiyo anwani unayoipa `VirtualAlloc` unaposhika masafa hushushwa hadi mpaka wa fungu.

Msimamo huo ni salama, lakini kwa muda mrefu uliwaumiza waliotaka kubadilisha ramani bila kuacha mwanya. Iliwabidi kuachilia eneo, kisha kuliomba tena wakitumaini kuwa hakuna uzi uliowatangulia. Windows 10 toleo 1803 ilileta vishika-nafasi: unashika masafa kwa `VirtualAlloc2` na `MEM_RESERVE_PLACEHOLDER`, unayagawa, kisha unabadilisha kila kipande kwa ramani halisi bila mwanya katikati. Kwa maoni yangu huu ndio mpango ulio bora kuliko yote, kwani unatofautisha wazi kufunika kilicho chako na kufunika cha mwingine.

Kwenye macOS kuna tabaka mbili. `mmap` yenye `MAP_FIXED` hufuta kama POSIX inavyosema, lakini `mach_vm_map` iliyo chini yake hukataa kwa `KERN_NO_SPACE` hadi uongeze `VM_FLAGS_OVERWRITE`. FreeBSD ina bendera ya `MAP_EXCL`, ambayo ikiunganishwa na `MAP_FIXED` huufanya mwito ushindwe badala ya kufuta.

## Mwito wa MAP_FIXED ukishindwa katikati, ramani ya zamani inarudi?

Usitegemee. POSIX inasema wazi kwamba `mmap` ikishindwa kwa sababu nyingine zaidi ya `EBADF`, `EINVAL` au `ENOTSUP`, baadhi ya ramani za masafa yale zinaweza kuwa zimekwisha kuondolewa. Msimbo unaoshindwa kisha unaendelea kutumia data ya zamani unasimama juu ya shimo.

La kushangaza wengi ni kwamba hata `munmap` inaweza kushindwa kwa kukosa nafasi. Kuondoa katikati ya eneo kunaligawa kuwa mawili, na Linux ina kikomo cha idadi ya maeneo kwa mchakato, `vm.max_map_count`, ambacho kwa kawaida ni 65530. Ukikifikia, kuondoa kumbukumbu kunarudisha `ENOMEM`. Kerneli hujaribu kukusaidia kwa kuunganisha maeneo yanayopakana yenye ruhusa sawa, na kama ni ya faili, yanayofuatana ndani ya faili ileile. Programu zinazobadilisha ruhusa ukurasa mmoja mmoja huuvunja muungano huo na kulifikia dari haraka.

## Hipu ikipanda na staki ikishuka, zikikutana?

Upande wa hipu ni mwepesi. `brk`, mwito wa kupanua hipu, hukagua kama upanuzi utagusa ramani nyingine, na kama utagusa, haisogezi chochote. Baada ya hapo `malloc` ya glibc (maktaba ya C ya Linux) hurudi kwenye `mmap`, na programu kwa kawaida haitambui lolote.

Staki ndiyo iliyoleta maumivu. Staki ya uzi mkuu hukua yenyewe: ukigusa ukurasa ulio chini yake, kerneli huipanua. Ili isikue mpaka ikavamia ramani jirani, Linux iliweka pengo la ukurasa mmoja usiogusika. Juni 2017 kampuni ya Qualys ilionyesha kwamba pengo hilo linaweza kurukwa. Kazi (fanksheni) yenye safu kubwa ndani ya staki husogeza kielekezi cha staki kwa maelfu ya baiti kwa mkupuo, bila kugusa ukurasa wa ulinzi, na kuanza kuandika ndani ya hipu au ramani nyingine. Hapo kerneli haioni mwingiliano wowote, kwa sababu kwake maeneo mawili bado hayajagusana. Ni programu iliyovuka mpaka.

Udhaifu huo uliopewa namba CVE-2017-1000364 ulijibiwa kwa kulipanua pengo hadi kurasa 256, yaani megabaiti 1 kwa kurasa za kilobaiti 4. Upande wa vikusanyaji (kompaila), GCC 8 ilileta chaguo la `-fstack-clash-protection`, linalolazimisha kila ukurasa wa staki uguswe kwa zamu ili ulinzi usirukwe. Jenga programu zako nalo. Staki za nyuzi za kawaida hutengenezwa kwa `mmap` na maktaba, na ulinzi wake mara nyingi ni ukurasa mmoja tu.

## Je, mremap inaruhusu masafa ya zamani na mapya kuingiliana?

Hapana. `mremap` ni mwito wa kuhamisha ramani au kubadilisha ukubwa wake, na ukitumia `MREMAP_FIXED` kuchagua mahali papya panapoingiliana na pa zamani, jibu ni `EINVAL` (hoja batili). Lakini kilichopo kwenye masafa mapya, kama ni ramani nyingine, kitafutwa kimyakimya kama ilivyo kwa `MAP_FIXED`.

## Naweza kuweka faili moja mara mbili ndani ya programu yangu?

Ndiyo, na ni mbinu yenye faida. Bafa ya mviringo ni mfano mzuri: unatengeneza faili ya kumbukumbu kwa `memfd_create`, iliyopo tangu Linux 3.17, unashika masafa yenye urefu mara mbili ya faili, kisha unaweka faili ileile kwenye nusu ya kwanza na tena kwenye nusu ya pili. Ukiandika kupita mwisho wa nusu ya kwanza, data inatokea mwanzoni, na huhitaji msimbo wa kukata ujumbe vipande viwili. Watengenezaji wa vikusanyaji vya papo kwa papo (JIT) nao huweka kumbukumbu moja mara mbili, upande mmoja wa kuandikia na mwingine wa kutekeleza, ili pasiwe na ukurasa wenye ruhusa zote mbili.

Kwenye x86 maunzi huhakikisha kwamba pande zote mbili zinaona data moja. Kwenye baadhi ya prosesa za ARM za zamani, MIPS na SPARC, akiba ya haraka hupangwa kwa anwani pepe, na majina mawili ya fremu moja yanaweza kukaa sehemu mbili tofauti za akiba, kila moja na thamani yake. Kerneli hujikinga kwa kulazimisha ramani za pamoja zilingane na kipimo cha `SHMLBA`, na ukitumia `MAP_FIXED` kwa anwani isiyolingana, unapata `EINVAL`.

## Mwingiliano wa anwani halisi unashughulikiwaje?

Hapa wahusika ni programu dhibiti ya ubao (firmware), kerneli na viendeshi vya vifaa, na kila hatua ina kanuni yake.

Mfumo unapowaka, kompyuta za x86 zenye BIOS huipa kerneli orodha ya E820 inayosema RAM iko wapi na wapi pamehifadhiwa. Orodha hizi zimewahi kuja na maingizo yanayoingiliana. Linux huzisafisha kabla ya kuzitumia, na penye mgongano aina yenye namba kubwa hushinda. RAM ni aina 1 na iliyohifadhiwa ni aina 2, kwa hiyo shaka ikitokea kerneli huiacha sehemu hiyo. Nadhani hakuna uamuzi mwingine wa busara: kupoteza kurasa chache ni afadhali kuliko kuandika juu ya data ya programu dhibiti. Kwenye mbao zinazotumia mti wa vifaa (orodha ya maunzi inayopewa kerneli), kama nyingi za ARM, maeneo yaliyohifadhiwa yakigongana Linux huandika `OVERLAP DETECTED!` kwenye logi zake. Ukiuona mstari huo usiupuuze hata kama kila kitu kinaonekana kufanya kazi.

Viendeshi hudai masafa yao kwa `request_mem_region`. Madai huwekwa kwenye mti unaoonekana kupitia `/proc/iomem`, na kiendeshi cha pili kikidai masafa hayohayo hunyimwa, na kwa kawaida hujiondoa na kosa la `EBUSY`. Huu ni ustaarabu wa hiari kwa sehemu kubwa: kiendeshi kinachoita `ioremap` (kazi ya kuweka ramani ya kifaa) bila kudai kwanza kinaweza kupata ramani yake.

Kisha kuna aina ya akiba ya haraka ya prosesa. Fremu moja ikiwekwa mara mbili, upande mmoja kwa akiba ya kawaida na mwingine bila akiba, tabia ya prosesa haina uhakika. Kwa hiyo Linux kwenye x86 hurekodi aina iliyotumika kwa kila masafa na kuikataa ramani mpya inayopingana nayo. Rejista za MTRR, zinazopanga aina ya akiba kwa masafa ya anwani halisi, zikiingiliana, Intel imeweka kanuni kwenye maunzi: isiyo na akiba huzishinda zote.

## Kubadilisha ramani ambayo prosesa nyingine inaitumia sasa hivi kunawezekanaje?

Kila prosesa ina TLB, akiba ndogo ya tafsiri za anwani. Kubadilisha jedwali la kurasa hakubadilishi kilichomo humo. Kerneli hufuta ingizo, kisha kwenye x86 huzitumia ishara prosesa nyingine zinazoendesha nyuzi za mchakato huo, na kila moja hutupa tafsiri ya zamani. Fremu ya zamani haiachiliwi hadi kazi hiyo imalizike, la sivyo uzi mmoja ungeandika kwenye fremu iliyokwisha kupewa mchakato mwingine. Hii ndiyo gharama kubwa ya `munmap` kwenye kompyuta zenye prosesa nyingi.

ARM inakwenda mbali zaidi. Huruhusiwi kubadilisha ingizo halali moja kwa moja kuwa jingine linaloelekeza kwingine. Unalifanya kwanza batili, unasafisha TLB, ndipo unaandika jipya. Ukiruka hatua hiyo, hasa unapobadilisha ukubwa wa ukurasa, TLB inaweza kuwa na tafsiri mbili kwa anwani moja, na prosesa ina haki ya kusimamisha kazi kwa hitilafu maalumu. Ule mwingiliano tuliosema jedwali haliwezi kuubeba unaweza kutokea ndani ya akiba yake.

## Kwenye kompyuta pepe je?

KVM, sehemu ya Linux inayoendesha kompyuta pepe, haikubali vipande viwili vya kumbukumbu ya mgeni (kompyuta pepe yenyewe) vinavyoingiliana, na hurudisha `EEXIST`. VFIO, inayokabidhi vifaa halisi kwa programu, nayo hukataa vivyo hivyo unapojaribu kumpa kifaa masafa ya DMA (kifaa kufikia kumbukumbu moja kwa moja) yaliyokwisha kuwekwa. QEMU, programu inayoiga kompyuta nzima juu ya KVM, huruhusu maeneo yaingiliane na kuyapa vipaumbele, kwa kuwa kompyuta halisi hufanya hivyo: ROM hufunika RAM, dirisha la PCI (anwani za vifaa) hufunika vyote. Kabla ya kumfikia KVM, QEMU huyasawazisha yote kuwa orodha moja isiyo na mwingiliano.

## AddressSanitizer imeniambia kivuli chake kimeingiliana na ramani nyingine. Nifanye nini?

Zana hii ya kutafuta makosa ya kumbukumbu huweka kivuli, yaani rekodi zake kuhusu kila anwani, kwenye masafa makubwa ya anwani maalumu, na imekuta kitu hapo. Angalia kwanza kama programu yako yenyewe inaomba anwani za kudumu. Kama haiombi, tazama `vm.mmap_rnd_bits`, mpangilio wa kiasi ambacho anwani huchanganywa. Kwenye x86-64 thamani ya kawaida ya kerneli ni 28, na dari ni 32. Matoleo ya zamani ya zana za aina hii, ThreadSanitizer ikiwemo, hushindwa thamani inapokuwa 32, kwani maktaba hutawanywa hadi ndani ya eneo la kivuli. Tiba ya kudumu ni kusasisha kikusanyaji. Kuirudisha thamani kuwa 28 kunafaa kwa muda kwenye kompyuta ya majaribio, lakini kunapunguza ulinzi wa mfumo mzima.

## Nitajuaje nani amefuta ramani yangu?

Kwenye Linux anza na `strace -f -e trace=%memory`, zana inayoonyesha miito ya programu kwa kerneli, na utafute `MAP_FIXED` yenye anwani iliyo ndani ya masafa yako. Huo ni mwito uliofaulu, kwa hiyo usitafute mistari yenye makosa. Tafuta pia `munmap` yenye urefu uliokosewa, kwani nayo huondoa kila kilichomo kwenye masafa bila kujali aliyekiweka, na ikikuta tupu hairudishi kosa. Picha ya `/proc/PID/maps` kabla na baada itakuonyesha eneo lililokatwa katikati. Kwenye FreeBSD tumia `procstat -v`, kwenye macOS `vmmap`, na kwenye Windows zana ya VMMap ya Sysinternals. Kama hitilafu haijirudii ukiwa na `strace`, kwa sababu inapunguza kasi na kubadilisha mpangilio wa nyuzi, jaribu `perf trace` au eBPF (programu ndogo za uchunguzi ndani ya kerneli) kwenye mwito wa `mmap`, ukihifadhi safu ya wito ili umwone aliyeomba.